Hesabu za Joto: Plzeň, Buhaya, Jebel Ali

Al Muraqqabat ni mtaa wa Deira, upande wa mashariki wa khori ya Dubai. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaujua vizuri kwa hoteli zake za bei ya wastani, migahawa ya Kiiraki na ya Kishami inayochelewa kufungwa, na stesheni ya metro ya Al Rigga iliyo jirani, iliyofunguliwa Septemba 2009. Kiswahili kinasikika huko bila kutafutwa. Kuna kitu kimoja kimeenea mtaani na hakuna anayekitazama, nacho ni alumini. Fremu za madirisha, milango ya maduka, ngazi za mafundi, vizuizi vya roshani, vyote ni metali hiyo nyepesi. Fremu ya dirisha ikikatwa kwa msumeno, ndani huonekana vijumba vyembamba vilivyotenganishwa na kuta za milimita moja au mbili tu. Umbo hilo hupatikana kwa kulisukuma gogo la alumini lililopashwa moto, kwa nguvu kubwa, lipite kwenye tundu la chuma lenye sura ya fremu. Gogo likiwa na ufa katikati, kazi yote imekwenda bure. Kwa hiyo kabla ya dirisha kuna gogo, na kabla ya gogo kuna swali ambalo mafundi wa kusubu wamekuwa wakijiuliza karne na karne: metali hii itaanza kugandia wapi, na itamalizia wapi?

Dubai iliingia katika swali hilo ikiwa imechelewa, lakini ikiwa na fedha. Mafuta yaligunduliwa baharini mwaka 1966 na kuanza kuuzwa nje mwaka 1969, na pamoja nayo ilitoka gesi. Mwaka 1975 Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum aliamuru kijengwe kiwanda cha alumini Jebel Ali, pwani, kiasi cha kilomita 40 kusini-magharibi mwa Deira. Nchi haina boksiti hata jiwe moja. Lakini alumini ni biashara ya umeme kuliko ilivyo biashara ya mawe, na umeme wa gesi Dubai ingeweza kuupata. Kiwanda hicho, DUBAL, kilianza kuzalisha mwaka 1979 kikiwa na uwezo wa tani 135,000 kwa mwaka. Alumina, ule unga mweupe unaotokana na boksiti, ililetwa kwa meli kutoka Australia, na teknolojia ikanunuliwa kwa kampuni ya Kaiser ya Marekani. Joto lililobaki baada ya kuzalisha umeme likatumika kugeuza maji ya bahari kuwa maji ya kunywa ya mji. Kwa maoni yangu hilo ndilo lilikuwa wazo zuri kuliko yote katika mradi ule, maana mji ulikuwa unakua kwa kasi na kiu yake ilikua nao.

Hata hivyo, ujuzi ulikuwa wa kununua. Anayenunua michoro hupewa vipimo. Sababu za vipimo hivyo hubaki kwa muuzaji. Ili kuelewa jinsi Dubai ilivyokuja kuzimiliki sababu hizo, inabidi turudi nyuma sana, kwenye viwanda vya kusubu vya Ulaya.

Karibu kila metali ikiganda husinyaa. Alumini safi huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selisiasi, na inaporudi kuwa ngumu hupoteza asilimia 6 hadi 7 ya ujazo wake. Feleji hupoteza karibu asilimia 3. Upungufu huo lazima utokeze mahali fulani. Kinachomwagwa kwenye kalibu huanza kuganda kwenye kuta, mahali penye ubaridi, na ukingo wa mgando husogea kuelekea ndani. Sehemu inayoganda mwisho haina tena jirani wa kuiazima metali, kwa hiyo hubaki na tundu. Fundi stadi huliwahi tundu hilo kwa kuongeza kichwa kikubwa juu ya kalibu, akiba ya metali itakayochelewa kuganda na kuendelea kulisha chini. Kitu kikishaganda, kichwa hukatwa na kurudishwa tanurini, na tundu huondoka nacho.

Shida ni kipimo. Kichwa kikiwa kidogo kitaganda kabla ya kitu chenyewe, na tundu litabaki ndani, lisionekane mpaka kipande kitakapochongwa, au kitakapovunjika kazini. Kikiwa kikubwa kupita kiasi, fundi anayeyusha metali nyingi ili aikate na kuiyeyusha tena kesho. Kwa muda mrefu jibu lilikuwa uzoefu wa mzee wa karakana, na mzee alipozikwa, sehemu kubwa ya jibu ilizikwa naye.

Hesabu ya kwanza ya kufaa ilitoka kwa mtu asiyekuwa msubu. Joseph Fourier, Mfaransa aliyefuatana na jeshi la Napoleon kwenda Misri mwaka 1798, alichapisha mwaka 1822 kitabu cha nadharia ya joto. Alichokisema kinaeleweka bila alama za hisabati: joto hutoka penye moto kwenda penye ubaridi, na kasi yake hutegemea tofauti ya nyuzi kati ya jirani na jirani. Kuganda kulileta ugumu mwingine. Josef Stefan wa Vienna, karibu na mwaka 1890, alikuwa akichunguza barafu ya bahari za ncha ya dunia kwa kutumia vipimo vya wasafiri waliokwenda huko. Aliona kwamba barafu hunenepa haraka mwanzoni, kisha hupunguza mwendo, kwa sababu kila tabaka jipya huwa blanketi kwa maji yaliyo chini. Unene wa mara mbili unahitaji muda wa mara nne. Feleji ndani ya kalibu ya mchanga hufuata kanuni ya namna hiyo hiyo, ingawa hapo mchanga ndio unaozuia joto lisitoke upesi.

Aliyeipeleka karakanani alikuwa Nicolas Chvorinov, mhandisi mwenye asili ya Urusi aliyefanya kazi katika viwanda vya Škoda mjini Plzeň, Chekoslovakia. Mwaka 1940 alionyesha kwamba muda wa kuganda hauhitaji kujua umbo lote la kitu. Inatosha kugawanya ujazo wake kwa eneo la ngozi yake, kisha jibu ulizidishe kwa lenyewe. Tuchukue mfano. Mchemraba wa feleji wa sentimita 10 kila upande una ujazo wa sentimita za ujazo 1,000 na ngozi ya sentimita za mraba 600. Bamba la sentimita 25 kwa 20 kwa 2 lina ujazo ule ule wa 1,000, ila ngozi yake ni 1,180. Ukipiga hesabu ya Chvorinov, bamba litaganda kwa takriban robo ya muda wa mchemraba, ingawa vyote viwili vimemiminwa kutoka ndoo moja na uzito wao ni sawa. Fundi anayetaka mchemraba uwe kichwa cha kulisha bamba anajua sasa kwamba utatosha, na anaweza kuupunguza. Chvorinov alichora vipimo vyake kuanzia vipande vidogo hadi magogo ya makumi ya tani, na nukta zikajipanga kwenye mstari.

Kanuni hiyo ingali inafundishwa, na inastahili. Lakini inasema lini tu, haisemi wapi. Kitu chenye mbavu, mikunjo na matundu, kwa mfano ganda la pampu, huwa na sehemu nyingi zinazogombea kuganda mwisho, na Chvorinov hana la kusema juu ya ugomvi huo.

Kilichofuata ni jambo ambalo watu wameshalisahau, nami nalipenda kuliko mengine yote katika historia hii. Kabla ya kompyuta za tarakimu kuenea, Victor Paschkis wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alijenga mtambo uliojaza chumba, wenye vizuizi vya umeme na vihifadhi-chaji. Hoja yake ilikuwa kwamba umeme unaopita kwenye kizuizi hufuata hesabu ile ile ya joto linalopita ukutani, na kihifadhi-chaji hujaa na kupungua kama metali inavyobeba joto na kulipoteza. Basi aliunganisha waya hadi mtambo mzima ukawa kalibu yenye feleji ndani yake. Volti zilisimama mahali pa nyuzi za joto. Katikati ya miaka ya 1940, chama cha wasubu wa Marekani kilikuwa kikigharimia majaribio yake. Ukitaka kujua moyo wa kipande cha feleji una moto kiasi gani baada ya dakika fulani, uliweka mita kwenye kiungo cha katikati na kusoma. Hakuna tone la metali lililoyeyushwa.

Kompyuta ilipokuja ilifanya kazi hiyo hiyo kwa namba. Kitu hukatwakatwa katika vijisanduku, kila kimoja na nyuzi zake za joto, na mashine hukiuliza kila kijisanduku: majirani zako sita wana joto gani, na katika sekunde hii umepokea kiasi gani na kutoa kiasi gani? Kisha inasogea sekunde nyingine na kuuliza upya. Kazi ni ya kitoto ukiifanya mara moja. Balaa liko kwenye idadi. Mchemraba wetu wa sentimita 10 ukikatwa kwa vijisanduku vya sentimita moja, unapata 1,000. Ukitaka kuona vizuri zaidi na kukata kwa milimita moja, unapata milioni moja. Zaidi ya hapo, kwa njia rahisi ya kukokotoa, hatua ya muda nayo lazima ipunguzwe mara mia, la sivyo namba zinapandwa na wazimu na joto linaanza kutoka penye baridi kwenda penye moto. Kazi inakuwa mara 100,000. Mwaka 1947 John Crank na Phyllis Nicolson, nchini Uingereza, walichapisha njia ya kukokotoa ambayo haipandwi na wazimu huo hata hatua zikiwa ndefu. Jina la Nicolson, mwanamke katika fani iliyokuwa ya wanaume, liko katika kila kitabu cha hesabu za joto, ingawa wanafunzi wengi wanalitamka bila kujua lilikuwa la nani.

Kulikuwa na kikwazo cha pili, nacho kinahusu kuganda hasa. Maji yanayochemka hubaki kwenye nyuzi 100 hata ukiongeza kuni; metali inayoganda nayo husimama mahali pamoja huku ikitoa joto jingi lililofichika ndani yake. Kilo moja ya alumini inapoganda hutoa kilojuli 397, joto linalotosha kuipeleka lita moja ya maji kutoka nyuzi 5 hadi mchemko. Programu inayotazama nyuzi peke yake haioni joto hilo. Suluhisho likawa kuhesabu joto lote lililomo ndani ya kijisanduku, kisha kutoka hapo kutafuta nyuzi, badala ya kwenda kinyume chake.

Mwaka 1962 Mdenmaki aitwaye Fursund alichapisha hesabu za namna hii alipokuwa akichunguza jinsi feleji inavyopenya katika mchanga wa kalibu. Mwaka 1965 Henzel na Keverian wa General Electric, kampuni iliyohitaji vipande vikubwa vya feleji kwa mitambo ya umeme, waliweka hesabu za kompyuta kando ya vipimo halisi, na viwili hivyo vikakaribiana. Hapo ndipo wasubu walipoanza kusikiliza. Hasara ya kipande kimoja cha tani kadhaa kilichotoka na tundu inalipa kompyuta nyingi.

Eisuke Niyama na wenzake wa Hitachi, Japani, waliongeza jambo mwaka 1982. Walikuwa na vipande vya feleji vyenye matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, na kompyuta iliyowapa ramani ya joto. Walilinganisha vitu hivyo viwili na kugundua kwamba matundu hujitokeza pale ambapo mteremko wa joto ni mdogo ukilinganishwa na kipeuo cha pili cha kasi ya kupoa. Maana yake ni kwamba mahali ambapo jirani na jirani wana joto karibu sawa, metali haijui ielekee wapi, inaganda yote kwa pamoja, na njia za kulishana zinaziba. Kigezo cha Niyama ni mgawanyo mmoja tu wa namba mbili, na bado kimo ndani ya programu za leo.

Katika miaka hiyo hiyo hesabu za joto zilifika hata Tanzania, kwa mlango usiotazamiwa. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery, wa Chuo Kikuu cha Brown, waliandika katika jarida la Science kuhusu uyeyushaji wa chuma magharibi mwa Ziwa Victoria, katika nchi ya Wahaya. Wazee waliokuwa wameiacha kazi hiyo miaka mingi waliombwa waijenge upya tanuri na kuiwasha, na watafiti wakapima. Dai lao lilikuwa zito: kwamba kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita wafua chuma wa Buhaya waliingiza mabomba ya udongo ndani kabisa ya tanuri, ili hewa ya mivukuto ipate moto kabla haijakutana na mkaa. Ulaya ilianza kupasha hewa ya tanuri katika karne ya 19.

Mwaka 1986 J. E. Rehder, mtaalamu wa Kanada, akakaa chini na kalamu. Alikokotoa joto linaloweza kupenya ukuta wa bomba la udongo na kuifikia hewa inayopita kasi ndani yake, akasema ni dogo mno kuleta matokeo yaliyodaiwa. Schmidt na Avery wakajibu, na mabishano yakaendelea. Sikusudii kuwa hakimu wao. Ninachokiona hapo ni kwamba hesabu ya Rehder inategemea kile alichokiweka mwanzoni: unene wa bomba, urefu wake ndani ya moto, kasi ya hewa kati ya pumzi moja ya mvukuto na nyingine. Wazee waliovukuta walijua mdundo ule kwa mikono, na mdundo si kitu ambacho mtu huweza kukisoma katika kipande cha bomba kilichofukuliwa.

Kitu kile kile, hesabu kutegemea kinachowekwa mwanzoni, kiliwatesa wasubu. Hesabu ya joto ilidhani kwamba kalibu imejaa tayari, metali imetulia, ndipo saa inaanza kuhesabu. Lakini metali humiminwa. Inaanguka, inagonga kona, inajikunja, inapoa njiani. Kujua inavyotiririka kulihitaji hesabu nyingine kabisa, ya vitu vya majimaji vyenye uso ulio huru kupanda na kushuka. Hesabu hizo zilipikwa Los Alamos, New Mexico, katika maabara iliyozaliwa na bomu la atomiki. Mwaka 1965 Francis Harlow na Eddie Welch walichapisha njia ya kutia alama ndogo ndogo ndani ya maji ya kwenye kompyuta na kuzifuata ziendako. Mwaka 1981 Tony Hirt na Billy Nichols walileta iliyo nyepesi zaidi: kila kijisanduku kipewe namba kati ya sifuri na moja. Sifuri ni kitupu, moja kimejaa, na penye nusu ndipo uso wa majimaji ulipo. Hirt alikuwa ameshaanzisha kampuni yake mwaka 1980. Mwaka 1983 Hwang na Stoehr wa Pittsburgh wakaonyesha kalibu ikijaa ndani ya kompyuta.

Kwa alumini, mtiririko ni jambo la kufa na kupona. John Campbell wa Birmingham alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba uso wa alumini iliyoyeyuka hufunikwa papo hapo na utando mwembamba wa oksidi. Uso ukivurugika, utando hujikunja na kuzama, kavu kwa kavu, na mkunjo huo hubaki ndani ya kitu kilichosubiwa kama ufa uliotengenezwa tayari. Aliweka mpaka wa mwendo: nusu mita kwa sekunde. Inaonekana ni mwendo wa pole. Lakini kitu chochote kinachoanguka bila kizuizi huufikia mwendo huo baada ya kushuka milimita 13 tu. Msubu anayemwaga alumini kutoka kimo cha goti ameshauvuka mpaka kabla metali haijagusa kalibu. Mwaka 1995 kundi la Birmingham lilipiga picha za eksirei za alumini ikijaza kalibu, na wenye programu wakaombwa watabiri picha hizo kabla ya kuziona. Majibu yalitofautiana, na wengine walikuwa mbali na ukweli. Nadhani siku ile iliusaidia uigaji wa kompyuta kuliko matangazo yote ya mauzo, kwa sababu baada yake kila muuzaji alijua atapimwa kwa kitu gani. Wakati huo programu zilikuwa zimeshakuwa bidhaa. MAGMA ya Aachen, Ujerumani, ilianzishwa mwaka 1988.

Sasa turudi Jebel Ali. Magogo ya fremu za madirisha hayasubiwi ndani ya kalibu ya mchanga. Tangu miaka ya 1930, Marekani na Ujerumani, viwanda vya alumini vimetumia njia nyingine: kalibu ni pete fupi tu ya metali inayopozwa kwa maji, na chini yake kuna kitako kinachoshuka polepole shimoni. Alumini inaingia juu kwa nyuzi karibu 700. Inapopita kwenye pete hupata ngozi, na ikitoka chini ya pete maji yanaipiga moja kwa moja. Gogo la kipenyo cha sentimita 20 hushuka kiasi cha sentimita 10 kwa dakika, hivyo gogo la mita 7 linachukua zaidi ya saa. Magogo mengi huzaliwa pamoja kutoka meza moja.

Mtu aliyesimama juu anaona duara linalong'aa la metali na mvuke. Asichokiona ni dimbwi. Ndani ya gogo, chini ya uso, alumini ambayo haijaganda inashuka kama bakuli lenye ncha, na kina cha bakuli hilo huamua kila kitu. Ukiongeza mwendo, dimbwi huwa refu. Ukiongeza kipenyo mara mbili kwa mwendo ule ule, kina huwa mara nne, ile ile kanuni ya mraba tuliyoiona Plzeň. Dimbwi likizidi urefu, ngozi imeshapoa na kusinyaa wakati moyo ungali moto; moyo ukija kusinyaa baadaye hauna pa kwenda, na gogo hupasuka katikati, wakati mwingine kwa mlio. Zamani kina kilipimwa kwa kuchovya fimbo. Uigaji wa kompyuta ulilifungua gogo bila kulikata, na kuonyesha pia jinsi metali inavyozunguka ndani ya dimbwi, ikibeba chembe ngumu za kwanza na kuzitupa mahali pamoja.

Hata hivyo Dubai ilipata jina kwa kukokotoa kitu kilicho kabla ya gogo, yaani seli za kuyeyushia. Seli ni sanduku kubwa la feleji lililofunikwa kaboni ndani, likiwa na chumvi ya kriolaiti iliyoyeyuka kwa nyuzi karibu 960. Alumina huyeyuka katika chumvi hiyo, umeme unapita kutoka juu kwenda chini, na alumini hukusanyika sakafuni. Chumvi hiyo hula karibu tofali lolote. Kinga yake ni chumvi yenyewe: pembeni, ukutani, lazima igande na kufanya ganda gumu. Ganda likiwa jembamba, ukuta unaliwa na seli hutoboka. Likinenepa, linavamia sakafu na kuvuruga njia ya umeme. Hapa msubu angejiona yuko nyumbani, isipokuwa mgando huu unatakiwa usiishe wala usiyeyuke, kwa miaka mitano au sita mfululizo, mchana na usiku.

Juu ya hilo kuna sumaku. Umeme wa mamia ya maelfu ya ampea huzaa nguvu ya sumaku inayoisukuma alumini iliyoyeyuka, ikazunguka na kufanya mawimbi. Kati ya uso wa alumini na kaboni iliyo juu kuna nafasi ya sentimita nne hivi. Wimbi likiigusa kaboni, umeme unapita bure bila kuzalisha kitu. Dawa yake ni kuzipitisha nondo za umeme kuizunguka seli kwa njia ambayo sumaku zitakomeshana, na njia hiyo haiwezi kutafutwa kwa kubahatisha. Seli zimeungana kwa mamia katika mstari mmoja. Huwezi kuzijenga zote ndipo ujue umekosea.

Kwa hiyo wahandisi wa DUBAL walikokotoa. Walianza kwa kuziboresha seli za Kaiser walizozikuta. Katika miaka ya 1990, pamoja na kampuni ya Comalco ya Australia, wakatoa seli ya CD20. Kisha wakaendelea peke yao: modeli za joto na umeme kuonyesha umbo la ganda la pembeni, modeli za sumaku na mtiririko kuonyesha mawimbi. Mwaka 2005 seli tano za majaribio za aina ya DX ziliwashwa Jebel Ali, na vipimo vyake vikalinganishwa na kilichotabiriwa. Wahandisi hao walikwenda kuyasoma matokeo mbele ya wenzao kwenye mikutano ya TMS, chama cha wataalamu wa metali, huko Marekani, na hilo lilikuwa jambo geni kwa kiwanda kilichozaliwa kwa michoro ya watu wengine.

Kutoka seli tano walifikia 756. Hiyo ndiyo ilikuwa awamu ya kwanza ya kiwanda cha EMAL, Al Taweelah, Abu Dhabi, kilichotoa metali ya kwanza Desemba 2009. Awamu ya pili ilileta seli 444 za DX+ katika mstari wa kilomita 1.7, uliotajwa kuwa mrefu kuliko wote duniani. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba DUBAL na EMAL zitaunganishwa, na kampuni ya Emirates Global Aluminium ikazaliwa.

Mwaka 2016 kampuni hiyo iliuza leseni ya teknolojia yake ya DX+ Ultra kwa Alba ya Bahareni, mara ya kwanza kwa Umoja wa Falme za Kiarabu kuuza nje teknolojia ya viwanda vikubwa. Mstari wa sita wa Alba, wenye seli 424, ulitoa metali ya kwanza Desemba 2018 na kuipandisha Alba juu ya tani milioni moja na nusu kwa mwaka. Alba ndiyo iliyotangulia kuyeyusha alumini katika Ghuba yote, mwaka 1971, miaka minane kabla seli ya kwanza ya Dubai haijapata umeme.